Bomba Lililotoa Maji kama Uzi

Juzi sokoni Kalemie nilisimama mbele ya mama mmoja aliyetandaza gunia chini na kupanga juu yake vyuma vya zamani: kufuli zisizo na funguo, misumari iliyonyooshwa, bawaba, na mabomba ya maji yaliyong'olewa kwenye nyumba za watu. Bomba moja lilikuwa limepakwa mawese lisiliwe na kutu. Nililiokota nikalisogeza puani. Chuma, udongo, na mawese yaliyokaa muda mrefu. Yule mama alinitazama kidogo, kisha akasema, "Unanunua ao unanusa?"

"Ninanusa kwanza."

"Basi nusa pole pole. Usiimalize."

Sikulinunua. Mtu anayelala leo hapa kesho kule, bomba atalifunga wapi? Nimeosha vyombo kwenye boti zinazovuka kwenda Kigoma, nimeuza sabuni Uvira, nimepika kwa wachimbaji wa dhahabu, nimebeba mchanga wa kujengea nyumba ambazo sikuona zikiezekwa. Shule niliiacha mapema. Kilichobaki nami ni kutaka kujua kitu kinafanyaje kazi ndani yake, na tabia hiyo haikutoka shuleni. Ilitoka mji wa Baraka, kando ya ziwa, uani kwetu, kwenye bomba lililonuka hivyohivyo siku tulipolifukua.

Lilikuwa bomba la Koko, mama yake Baba. Mume wake aliwahi kufanya kazi na watu waliovuta maji kutoka chemchemi ya mlimani, na alipozaa mtoto wa kwanza alipewa ruhusa ya kuingiza mpira wa chuma, ndivyo tunavyouita mrija wa maji, hadi uani kwake na kufunga bomba mdomoni mwake. Wakati ule nyumba zenye bomba mtaani mwetu hazikuwa nyingi. Vita vilipofika karibu, watu walibeba magodoro, masufuria, kuku. Koko aliwatanguliza wengine kwenye boti, yeye akabaki nyuma kidogo. Alipofika ng'ambo ya ziwa, hakuwa amebeba kitu chochote ila kitenge alichojifunga.

Mimi nilizaliwa huko ng'ambo, kambini, kwa hiyo Koko ninayemjua ni wa kambini. Kitenge chake kilikuwa chekundu kama chikichi zilizoiva, na juu yake kulikuwa na vifaranga vya manjano vilivyofuatana mstari baada ya mstari. Lakini kilikuwa kifupi. Upande mmoja kilikuwa kimepasuliwa, hakikumzunguka vizuri, na kila alipokaa ilimbidi akibane kwa mkono. Sisi watoto tulimtania.

"Koko, panya ilikula kitenge yako?"

"Panya gani? Kipande ingine niliacha Baraka. Iko nachunga nyumba."

Aliyasema hayo bila kucheka, akiendelea kuchambua maharagwe. Nami nilimwamini kabisa. Baraka nilikuwa sijaiona, lakini nilikiona kile kipande kimesimama wima mlangoni kwetu, vifaranga vyake vyote vikiwa macho, na kila mtu mbaya akikaribia vilikuwa vinalia kwa pamoja mpaka anakimbia. Nilikihurumia kama mtu aliyeachwa peke yake. Nilijiuliza kama mvua inakinyeshea.

Koko alipougua na kujua kwamba haponi, alimwita Baba. Nilikuwa nimelala miguuni pake, nikasikia. "Bomba niliizika chini ya ndizi, ile ya nyuma ya jikoni. Niliipaka mawese. Usiache mutu mwingine anachimba mbele yako." Baba akasema ndiyo, Mama. Hakuna aliyemuuliza kingine, naye hakusema kingine.

Tuliporudi, nyumba haikuwa na bati hata moja, na ule mgomba mmoja wa nyuma ya jikoni ulikuwa umezaa mpaka ukawa kichaka. Baba alichimba huku na huku, akatoa mawe, akatoa kijiko, mwishowe akatoa kifurushi cha plastiki. Ndani yake bomba lilikuwa linang'aa kwa mawese mekundu, kama samaki aliyetoka kukaangwa. Mpira wa maji wenyewe ulikuwa bado umesimama kando ya ukuta, mdomo wake umezibwa kwa kigingi cha mti. Baba aligonga kigingi kikatoka, akafunga bomba mahali pake, akalifungua. Maji yalitoka. Majirani walipiga vigelegele. Mama alinawa uso, akalia kidogo, akanawa tena.

Mimi nilikuwa nimeingia ndani. Nilitazama nyuma ya mlango, nikatazama dirishani, nikazunguka nyumba yote hadi kwenye choo.

"Unatafuta nini?" Mama akaniuliza.

"Kitenge ya Koko. Ile yenye kuchunga nyumba."

Mama alimtazama Baba, Baba akatazama chini. Walidhani huzuni ndiyo inayonisemesha. Huzuni nilikuwa nayo, lakini pia nilikuwa natafuta kitenge.

Maji yale, baada ya furaha ya siku ya kwanza, yalionekana yalivyo: membamba kama uzi. Ndoo uliyoiweka ukienda kufagia uwanja, uliporudi haikuwa imefika hata nusu. Baba alikuwa fundi wa nyavu. Wavuvi walimletea nyavu zilizochanwa na miamba, naye alikaa uani siku nzima na sindano yake ya mti, akishona jicho kwa jicho. Mambo ya mabomba hakuyajua. Alimwita jirani yetu Alimasi, aliyetengeneza baiskeli, na kwa kuwa alitengeneza baiskeli watu walimpelekea pia redio, kufuli na mashine za kushonea. Alimasi alilifungua bomba akalichungulia. Alikata mpira mpya kutoka kwenye tube la baiskeli akauweka badala ya ule wa zamani uliokuwa mgumu kama kucha. Alilowesha vyuma kwenye maji ya ndimu, akavisugua kwa mchanga, akavirudisha. Bomba likaacha kuvuja pembeni, likawa zuri kulitazama. Maji yakabaki uzi.

"Si bomba," alisema Alimasi akijifuta mikono. "Presio ya huku ni kidogo. Mayi inachoka njiani."

Neno hilo, kwamba nguvu ya maji ni ndogo, likatosha. Mtu akiuliza, tulimjibu hivyo, kwamba maji yanachoka njiani. Mama Riziki, aliyekaa ng'ambo ya barabara na ambaye bomba lake lilitoa maji ya kutosha, alikuwa akipita na kusema, "Bomba yenu leo inatema mate?" Mama alimjibu, "Inatema, lakini haitemee mutu." Wakacheka. Tukazoea.

Kisha Mama akajifungua mtoto wa kike, na kuzoea kukaisha.

Mwanamke aliyejifungua, kwetu, hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Anakaa kwenye kigoda, na mwanamke mwingine anachovya kitambaa kwenye sufuria linalotoa moshi, anakikamua, anamkanda tumbo, mgongo, kiuno, mpaka mwili urudi mahali pake. Kazi hiyo inakula maji mengi. Shangazi Wabiwa, dada yake Baba, alikuja kutoka Mboko kuifanya. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya mto, na alipoona bomba letu alisimama mbele yake na mikono kiunoni.

"Hii ndiyo bomba ya Mama yangu? Inalia ao inatoka mayi?"

Shangazi alijitahidi. Lakini mara nyingi sufuria lilipochemka maji hayakutosha, akamkanda nusu. Mama mwenyewe, badala ya kulala, alikuwa anaamka alfajiri na kukaa karibu na bomba akilinda ndoo, kwa sababu saa hiyo majirani wamelala na uzi wa maji unanenepa kidogo. Mtoto alikuwa mdogo na alikuwa analia kilio kikavu, kama mlango. Alinyonya, akaacha, akalia, akanyonya tena. Siku moja Shangazi alimfunua mtoto, akamshika mguu, akaufunika haraka. Akamwambia Baba kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa bado sauti kubwa, "Maziba haishuke. Mama muzazi akikosa mayi, maziba itatoka wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu, kwa namna yangu. Kitanda cha Mama kilikuwa kimeegemea ukuta, na upande wa pili wa ukuta huohuo ndipo bomba liliposimama. Nilitazama mpira wa chuma unavyoingia ardhini. Nikafuata kwa macho unakoweza kuelekea, nikaona wazi kwamba unapita chini ya ukuta, unapanda kwenye mguu wa kitanda, unaingia kwa Mama. Maji yanaingia huko yakiwa maji na kutoka yakiwa maziwa. Kwa hiyo kila kikombe kilichochotwa uani kilikuwa kimetolewa mdomoni mwa mdogo wangu. Sikushangaa tena kwa nini analia. Nilishangaa kwamba watu wazima waliyajua hayo na bado walikuwa wanaosha vyombo.

Nikaacha kunywa maji. Nilipopewa kikombe nilikipeleka mdomoni, nikalowesha mdomo, kisha nikazunguka na kukimimina palepale chini ya bomba, kwenye udongo, ili yarudi ndani. Nikaacha pia kunawa, na hilo Shangazi aliliona mapema. "Huyu mutoto iko na magoti kama ya mbuzi," alisema. Nilikaa kando ya bomba muda mrefu kuliko Mama. Mtoto akilia ndani, nilikimbilia bomba, nikaligusa, kama mtu anavyomgusa mgonjwa kwenye paji la uso.

Kwa kulitazama hivyo nikaona jambo. Bomba likifungwa kwa muda na kufunguliwa, maji ya kwanza hayakuwa uzi. Yalikuwa yanaruka kwa nguvu, yanagonga ndoo kwa kishindo, pumzi moja tu, ndipo yananyongea. Nikalifunga, nikasubiri, nikalifungua. Yakaruka, yakanyongea. Nilidhani ni mdogo wangu anayevuta upande wa pili.

Jua lilikuwa kali siku nilipoanguka. Nakumbuka nimeinama kuokota kopo, na ardhi ikanijia. Nilipofumbua macho nilikuwa mapajani mwa Baba, amezungukwa na wavu aliokuwa anaushona, na Shangazi ananipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Midomo yake imekauka kama ya mutu wa safari," Shangazi alisema. "We mutoto, leo umekunywa mayi?"

"Hapana."

"Na jana?"

"Hapana."

"Juu ya nini?" Baba aliuliza.

Nikamweleza. Nilimweleza mpira unavyopita chini ya ukuta, unavyopanda mguu wa kitanda, na kwamba mimi ni mkubwa, naweza kungoja mpaka mdogo wangu ashibe. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Aliniletea kikombe, akakishika mwenyewe, akakiinamisha mpaka nikamaliza. Mikono yake ilikuwa inanuka ziwa, kama siku zote.

"Nani alikuambia mutoto anavuta upande ule?"

"Niliona. Ukiifunga kidogo, mayi ya kwanza inaruka. Nyuma yake yeye anavuta, inakuwa kidogo."

"Nionyeshe."

Tukaenda. Nililifunga bomba. Tukangoja, Baba amechuchumaa, uso wake karibu na wangu. Nikalifungua. Maji yakaruka, yakamlowesha kifua, yakanyongea. "Rudilia," akasema. Nikarudia. Yakaruka, yakanyongea. Baba alilitazama bomba kama anavyotazama wavu kabla ya kujua umechanikia wapi.

"Kama presio haiko," alisema mwishowe, si kwangu, "ile ya kwanza inatoka wapi?"

Alimwita Alimasi tena. Alimasi alitazama, akakuna shingo, akasema kweli, kuna kitu kinakaba chini, hakiko kwenye bomba. Akaenda kuchukua kle yake kubwa, spana ya kushikia mipira. Kando ya barabara kulikuwa na shimo lenye mfuniko wa zege na ndani yake vane ya kufungia maji ya mtaa. Baba alipoifunga tu, Mama Riziki akatokea na mwiko mkononi.

"Baba ya batoto, unatufungia mayi na mi nimeweka sombe kwa moto?"

"Kidogo tu, Mama Riziki."

"Kidogo ya banaume tunaijua."

Lakini hakurudi kwake. Alisimama palepale na mwiko wake kuangalia, na wanawake wengine wakaja na ndoo tupu wakasimama naye. Baba alichimba chini ya mpira mpaka akafikia mahali unapopinda kulala ardhini. Alimasi aliushika kwa kle, akaegemea kwa uzito wake wote, chuma kikalia, kikaachia. Maji machache meusi yakamwagika. Baba akaingiza kidole kwenye ile kona.

"Kuko kitu laini."

"Chura," alisema Alimasi.

"Chura haina nyuzi."

Alimasi alitaka kusukuma kwa waya. Baba alimzuia. Alikwenda kwenye kikapu chake cha kazi, akachagua ndoana ndogo, akaifunga kwenye kipande cha waya, akaiingiza polepole huku amefumba macho. Nimemwona mara nyingi akitoa ndoana iliyonasa kwenye wavu bila kukata hata uzi mmoja. Ilikuwa mikono ileile. Alivuta kidogo, akaachia, akavuta. Shangazi alikuwa ametoka jikoni akiwa na kitambaa cha kukandia begani. Wale wanawake wenye ndoo wakasogea karibu.

Kikatoka kitu cheusi, kirefu, kimefungwa fundo katikati, kimejaa matope kama utumbo wa samaki. Baba alikitupa kwenye beseni. Shangazi akakimwagia maji kidogo yaliyokuwa yamebaki kwenye ndoo, ili tuone ni nini. Matope yakaondoka upande mmoja. Chini yake kulikuwa na wekundu. Shangazi akasugua kwa kidole gumba, na pale aliposugua kikatokea kifaranga cha manjano.

Mimi ndiye niliyesema, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakitafuta.

"Njo ile. Kitenge ya Koko."

Shangazi Wabiwa alikipapasa kile kifaranga. Alikaa kwenye udongo na beseni mapajani. Baba alibaki amepiga magoti kwenye shimo, magoti yake yamelowa, ndoana ikining'inia mkononi. Polepole wakaanza kupanga jinsi ilivyokuwa, mmoja akisema, mwingine akimalizia: Koko amebaki peke yake uani, amelitoa bomba, anaogopa mpira usijazwe mchanga na watoto wa watu au usiingiwe na wadudu. Hana kitu cha kuzibia. Anapasua kitenge mwilini mwake, anakifunga fundo, anakisukuma kwa kijiti hadi kwenye kona. Juu yake anagongea kigingi. Baba alipokuja kutoa kigingi, maji yakatoka, basi nani angefikiri kwamba nyuma ya kigingi kuna kitu kingine?

"Na alituambia," Baba alisema. "Kila siku alituambia. Tukamucheka na panya."

Alimasi alirudisha mpira, akaukaza, akazungushia nyuzi alizochambua kwenye gunia ili usivuje. Mama Riziki mwenyewe akaenda kufungua vane. Tulisikia kwanza upepo ukikohoa ndani ya chuma, kisha maji yakaja. Yalikuja mekundu, yakaja ya manjano, yakaja meupe, yakapiga ndoo mpaka ikasogea. Mama alitokea mlangoni na mtoto kifuani, akauliza kuna nini. Shangazi tayari alikuwa anajaza sufuria kubwa, lile ambalo tangu aje hakuwahi kulijaza.

Jioni ile Mama alikandwa mpaka akalala akiwa amekaa. Alfajiri iliyofuata hakuamka kulinda ndoo, na iliyofuata pia. Alikunywa uji, akalala, akanywa tena. Maziwa yakashuka. Mtoto akaanza kunyonya kwa kelele, akasinzia na titi mdomoni, na mguu wake ukajaa mpaka Shangazi akawa anauonyesha kwa wageni. Watu wazima walisema ni usingizi, ni kukandwa vizuri, ni maji ya kutosha. Mimi niliona ni kama nilivyosema tangu mwanzo, nikawaacha na maneno yao.

Kile kipande Mama alikifua kwa sabuni mara nyingi. Madoa hayakutoka yote, lakini vifaranga vikarudi, vichache vikiwa bila vichwa. Mvua za kwanza zilipoanza, maji ya mlimani yakawa na mchanga, na kama wanavyofanya watu wote wa Baraka wenye bomba, Mama alitafuta kitambaa cha kufunga mdomoni mwa bomba ili kichuje. Alikitazama kile kipande kilichokuwa kimeanikwa kwenye kamba. Akamtazama Baba. Baba alikichukua, akakikunja mara mbili, akakifunga kwenye mdomo wa bomba kwa fundo la wavuvi, lile linalokaza likilowa.

"Akae hapo," alisema. "Kazi yake haijaisha."

Tangu hapo kila aliyekuja kuchota alichota kupitia kitenge cha Koko. Mama Riziki, bomba lake lilipoharibika, alikuja na ndoo, akakigusa kwa kidole, akasema, "Odi, Koko," kisha ndipo akafungua. Wengine wakamfuata kusema hivyo, hata watoto ambao hawakumjua.

Siku hizi nikifika nyumba ngeni, kabla ya kuuliza nitalala wapi, naenda kwenye bomba. Likitoa maji kama uzi, nalifunga, nangoja, nalifungua tena. Yakiruka kwanza ndipo yanyongee, siwaambii wenye nyumba kwamba maji yanachoka njiani. Nawauliza ni nani aliyekaa hapa kabla yao, na aliondoka vipi.